Kabla hujabadili sistimu chaji, jaribu waya mwingine

Mwaka jana simu yangu ilianza kuchaji kwa kusuasua. Naichomeka saa mbili usiku, nikienda kulala saa tano bado haijafika nusu. Fundi mmoja akaitazama, akaniambia, "Dada, sistimu chaji imekufa hiyo, ile sehemu ya simu inayopokea umeme. Lete elfu ishirini na tano tubadilishe." Nikaanza kujikusanya.

Jioni nikaazima waya wa kaka yangu. Kichwa cha chaja kilekile, simu ileile, soketi ileile. Ikaandika inachaji haraka. Nikakumbuka kwamba waya wangu niliununua stendi wiki chache nyuma. Nikaukata kwa mkasi. Ndani mlikuwa na nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi, nyembamba kama uzi wa kushonea. Waya kamili wa USB ya kawaida una nyingine mbili, nyeupe na kijani, za kupitisha taarifa.

Hizo mbili ndizo zilizokosekana, na ndizo zinazoiwezesha simu kujua imechomekwa wapi. Simu haivuti umeme mwingi kwa kubahatisha. Tundu la USB 2.0 la kompyuta limepangiwa ampea 0.5 kwa volti 5, yaani wati 2.5 tu. Kwa hiyo simu huanza kwa kupima nyaya za taarifa. Ikikuta nyeupe na kijani zimeunganishwa ndani ya chaja, inajua iko ukutani na inaweza kuvuta hadi ampea 1.5. Apple waliweka alama yao: volti 2.7 kwenye kila waya humaanisha chaja inamudu ampea 2.4. Quick Charge, utaratibu wa kuchaji haraka wa kampuni ya Qualcomm, nayo huiwezesha simu kuomba kupitia nyaya hizohizo, na chaja ikapandisha volti kutoka 5 hadi 9 au 12. Simu yangu ilikuwa inapima, haipati jibu, inavuta kidogo ili isiharibu kitu. Haikuwa mbovu hata kidogo.

Type-C ina utaratibu mwingine. Humo kuna pini ziitwazo CC, na kifaa kinachochajiwa kinatakiwa kiwe na rezista, kipande kidogo cha kuzuia umeme, ya omu 5,100 kwenye pini hizo. Chaja ya Type-C isipoiona, haitoi umeme. Vifaa vingi vya bei nafuu vimetengenezwa bila rezista hizo. Shangazi yangu alikuwa anataka kutupa redio yake ndogo kwa sababu iligoma kwenye chaja mpya ya Type-C. Nikamwambia, "Shangazi, ngoja kwanza." Nikaichomeka kwa waya wa zamani, wenye USB pana upande wa chaja, ambayo haisubiri rezista, na taa ikawaka. Anaitumia hadi leo.

Wengi huniuliza kama chaja ya laptopu ya wati 65 itaunguza simu. Kama ni chaja nzima inayofuata utaratibu wa USB PD, haiunguzi. Chaja hutaja volti ilizonazo, kama 5, 9, 15 na 20, na simu huchagua inayoiweza. Ila wati nyingi peke yake hazitoshi. Simu za Samsung za wati 25 zinahitaji chaja yenye PPS, ambayo hubadilisha volti kidogokidogo wakati wa kuchaji. Soma yale maandishi madogo kwenye kichwa cha chaja; usipoona PPS, simu itachaji, lakini haitafika kasi yake kamili. Na ukitaka kuvuka wati 60 kwenye laptopu, waya wenyewe lazima uwe na chipu ndani.

Siku hizi nikinunua waya naenda na laptopu. Namwomba muuzaji niunganishe simu hapohapo dukani. Picha zangu zikionekana kwenye laptopu, nyaya za taarifa zipo. Kisha naubinya kwa vidole. Ulio laini kama kamba ya kiatu naurudisha, maana huenda shaba yake ni kidogo na umeme unapotea njiani.