Kabla Hamjapanda Paani: Umeme wa Chuo Kati ya Masika na Mawingu ya Julai

MASWALI YA WASOMAJI: NISHATI

Swali: Chuo chetu kipo Usa River, kina wanachuo 400 na wengi wanalala bwenini. Bodi imetenga fedha za sola ya kilowati 30, na mkandarasi anasema bili itafutika. Tuanzie wapi? (Meneja wa majengo)

Jibu: Anzieni kwenye mita, ndugu yetu, paa lisubiri. Risiti za LUKU zinawaambia mmenunua uniti ngapi. Hazisemi zimetumika saa ngapi wala jengo gani, na sola ina saa zake. Kwa wiki mbili mlinzi aandike usomaji wa mita saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku. Chagueni pia usiku mmoja msome saa 6 na saa 11 alfajiri. Uniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja, hivyo zikiwa zimekwenda uniti 45 katika saa hizo 5, kilowati 9 zinaliwa chuo kizima kikiwa kimelala.

Zitafuteni kwa kuzima breka mojamoja kwenye ubao mkuu, mwenzenu akiwa ameikazia macho mita. Mara nyingi mtakuta hita iliyosahauliwa, friji la kantini lenye mpira wa mlango uliochanika, taa za nje zinazowaka hadi mchana, na pampu inayojaza simtanki ambalo boya lake halifungi. Hiyo pampu ndiyo inayodharauliwa kuliko yote. Tangi linalofurika usiku kucha linamwaga maji na umeme kwa pamoja. Badilisheni boya, kisha wekeni saa ya kuwashia pampu ifanye kazi kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Sola ikija, pampu itakuwa tayari inaingoja kwenye jua.

Zinazofuata ni taa. Tyubulaiti ya zamani ya wati 36 pamoja na choki yake (kidhibiti umeme kilichomo ndani ya taa) hula kama wati 45, na ya LED inayotosha mahali pake ni wati 18. Tyubu 600 zinazowaka saa 6 kwa siku zitaokoa uniti 97 hivi kila siku. Fundi asichomeke tu LED na kuondoka. Stata ya zamani (kile kikopo kidogo cha kuwashia tyubu) itolewe, na choki iondolewe kwenye mzunguko kama aina ya tyubu inadai hivyo. Tyubu nyingine hupokea umeme upande mmoja, nyingine pande zote mbili. Mkinunua mchanganyiko, siku moja mtu atachomeka isiyofaa na kulipua breka. Chagueni aina moja kwa chuo kizima na mbandike kibandiko ndani ya kila kifuniko.

Sasa ahadi ya mkandarasi. Kilowati 30 kwa saa 4 za jua kamili, ukitoa asilimia 20 ya hasara za joto, vumbi, nyaya na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa wa matumizi ya kawaida), ni uniti 96 kwa siku. Tumeweka saa 4 kwa makusudi. Masika ya Machi hadi Mei, na yale mawingu ya Juni hadi Agosti yanayoufunika Mlima Meru, hayafanani na jua la Januari. Mwambieni awape makadirio ya mwezi kwa mwezi, si wastani wa mwaka. Angalieni vizuri: uniti 97 za taa na uniti 96 za sola ni karibu sawa, na tyubu 600 hazifikii kabisa bei ya kilowati 30.

Lipo na jambo la kalenda. Vyuo vingi hufunga mwaka Julai au Agosti, kwa hiyo mwezi unaowabana ninyi ni Aprili, wanachuo wakiwa wamejaa na mvua inanyesha. Likizo ikija, umeme wa mchana hautakuwa na mtumiaji. Pangeni ukubwa wa mtambo kwa mzigo wa mchana wa kawaida. Msiupange kwa ukubwa wa paa.

Swali: Sisi Moshi tuna paneli tangu mwaka jana, lakini umeme wa TANESCO ukikatika tunakaa gizani jua likiwaka. Fundi ametuibia? (Mhasibu wa chuo)

Jibu: Huenda hajaiba, ila hakuwaeleza. Inveta inayofuata gridi, yaani mtandao wa TANESCO, imeundwa kujizima yenyewe gridi ikizimika, isije ikasukuma umeme kwenye nyaya ambazo fundi wa TANESCO anazishika akijua zimekufa. Kulilazimisha hilo lisitokee ni kutafuta maiti.

Mnachohitaji ni inveta ya mseto (inayofanya kazi na gridi na betri pia), betri, na ubao mdogo wa pili wa mizigo muhimu: seva na ruta, ofisi ya fedha, friji la zahanati, taa za korido na ngazi za mabweni. Tuseme jumla ni kilowati 3 na mnataka kuvuka saa 4. Hizo ni uniti 12. Betri za lithiamu mkizitumia hadi asilimia 80 ya ujazo, nunueni za uniti 15. Za jeli, zisizopaswa kushuka chini ya nusu, zitahitaji uniti 24, yaani amperi-saa 500 kwa volti 48. Bei ya jeli ikionekana nafuu dukani, linganisheni kwa hesabu hiyo kwanza.

Kinachoharibu kazi hii ni nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme. Nyutro za sakiti muhimu zikibaki zimechanganywa na za ubao mkuu, breka ya kuzuia uvujaji itakatika kila mara na mtailaumu betri bure. Zitenganisheni zote. Soketi za ubao huo ziwe na rangi yake, na birika, pasi na mashine kubwa ya fotokopi zisizisogelee.

Mkiwa na jenereta, msiiunganishe na sola bila kidhibiti kinachopunguza sola jenereta ikiwaka. Jenereta ibaki na mzigo wa walau asilimia 30 ya uwezo wake. Ikiachiwa mzigo mdogo siku nyingi, dizeli haiungui yote, masizi na mafuta mabichi hujaa kwenye egzosi. Mzigo wenu ukishuka kuliko sola, umeme utarudi kwenye jenereta yenyewe na kuiumiza.

Swali: Bweni langu la wasichana 120, Arusha mjini, lina shawa 20 za umeme. Baridi ya Julai bila maji ya moto haivumiliki, ila uongozi unasema shawa zinaua bili. Ni kweli? (Matroni)

Jibu: Kweli kabisa, mama. Shawa moja ni kama kilowati 5.5, na 20 zikifunguliwa pamoja saa 12 asubuhi ni kilowati 110. Chuo kikubwa kinacholipia pia kilele cha kVA (mzigo wa juu kabisa uliopimwa) hutozwa kwa dakika hizo chache, hata kama siku nzima iliyobaki ni tulivu.

Mkifanya lita 15 za maji ya nyuzi 55 kwa kila msichana, mnahitaji lita 1,800, yaani hita za jua 6 za lita 300. Kuyapasha maji hayo kutoka nyuzi 20 kwa umeme kungekula uniti 73 kila siku. Hita za akiba za umeme ziwepo kwa siku za mawingu, lakini ziwashwe mbilimbili kwa saa maalumu, zisiachwe zikijiwasha zenyewe.

Simtanki la maji baridi liwe juu kuliko hita. Bomba liwe la PPR lililovikwa sponji, kwa sababu la PVC la kawaida hulegea kwa joto. Hita ziwe karibu na bafu: mita 40 za bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 25 hushika lita 20 za maji yaliyopoa, na msichana wa kwanza atazimwaga zote akingoja moto. Wekeni vali ya kuchanganyia, maana jua la Februari linaweza kuunguza ngozi. Na hita za mirija ya kioo zisijazwe maji baridi mchana zikiwa tupu. Mirija hupasuka.

Swali: Paneli zielekee wapi, na bati letu ni la geji 30. Je, litafaa? (Mwenyekiti wa bodi, Moshi)

Jibu: Zielekee kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10, mvua izioshe. Juni jua lipo kaskazini kwetu na ndipo linapokuwa dhaifu. Paa la mashariki na magharibi nalo si kosa. Kivuli cha mgrivelia kwenye paneli moja huweza kupunguza safu nzima, kwa hiyo pogoeni mti kwanza.

Kwa kilowati 30, paneli 54 za wati 550 katika safu 3 za 18 hukaa chini ya volti 1,000 hata asubuhi ya baridi. Zina kama kilo 1,500 na hutaka mita za mraba 140, bila njia za kupitia. Bati la geji 30 lililoanza kutu libadilishwe kabla, la sivyo mtashusha mtambo mzima mkilibadilisha baadaye. Skrubu zipite mgongo wa bati hadi kwenye papi, kamwe si kwenye bonde linapopita maji, na kila moja iwe na mpira wake. Viunganishi vya nyaya viwe vya aina moja pande zote mbili, na breka za upande wa paneli ziwe za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama unavyotoka kwenye paneli). Ya AC (umeme wa kawaida wa majengo) ikikata umeme wa DC, cheche haifi, na moto wa paani huanzia hapo.