Gofu ya diski msituni: panga liacheni nyumbani

Barua nyingi safari hii ni za wachezaji wa Kentucky, hasa wanaokwenda Idlewild, ule uwanja wa msituni mjini Burlington. Kwa mgeni, kwa ufupi: unarusha diski mpaka itue kwenye kikapu chenye minyororo, kwa mitupo michache uwezavyo.

*Nimenunua diski ya kasi 13, lakini kila nikirusha inagonga mti wa karibu. Ninunue ipi?*

Usinunue kitu, kaka. Swali hili linaletwa kila mara, na kila mara muulizaji ametoka dukani. Namba ya kasi inaonyesha diski inataka kurushwa kwa kasi gani, na ya 13 inataka mkono wenye kasi sana. Ukiirusha kwa mkono wa kulia, kwa bakihendi (mgongo wa mkono ukitangulia), bila kasi hiyo, inakatia kushoto mapema, na msituni kushoto kuna mti. Chukua diski ya masafa ya kati, kasi 4 au 5. Irushe usawa wa kiuno, kwa nusu ya nguvu zako. Kikapu kisahau kwanza. Tafuta upenyo kati ya vigogo viwili, lenga hapo. Angalia pia ukingo wa mbele wa diski: ukiinuka kidogo tu wakati wa kuachia, diski inapanda matawini. Maduka yanauza umbali kwa sababu ndio unaovutia macho. Msituni hauna kazi kubwa.

*Diski ikinasa juu ya tawi, ni adhabu?*

Hapana, ila kama mwandaaji wa mashindano ametangaza kanuni ya mita 2, yaani adhabu kwa diski iliyonasa juu ya kimo hicho. Weka alama chini yake, endelea. Na msiitungue kwa mawe, chini wanapita watu.

*Kuna tawi linanizuia kuzungusha mkono. Naweza kulivunja? Rafiki yangu huwa anakuja na panga dogo.*

Mwambie rafiki yako arudi nalo kwake. Kanuni iko wazi: unachagua msimamo unaosogeza mti kwa kiasi kidogo kabisa, na huvunji kitu, hata kijitawi. Unachoruhusiwa kuondoa ni majani makavu, vijiti na mawe yaliyolala pale unapotaka kukanyaga, basi.

Watu wanasahau kwamba miti ndiyo uwanja wenyewe. Ed Headrick, baba wa gofu ya diski, alipoweka uwanja wa kwanza wa kudumu mwaka 1975, kule Oak Grove, California, aliuweka katikati ya mialoni ya bustani ya umma, na mialoni ndiyo iliyokuwa vizuizi, kama mabwawa na mchanga kwenye gofu ya matajiri. Ukikata miche ya kando ili mtupo wako upite, umejirahisishia mchezo leo na kuwaharibia wote kesho. Mti mchanga ukibanduliwa gome pande zote unakufa, na diski zetu peke yake zinabandua vya kutosha. Tena bustani si yetu. Wasimamizi wakichoka kuona miti yenye majeraha, kitakachong'olewa ni kikapu.

*Familia ikitembea na mbwa njiani mwetu, nani ampishe mwenzake?*

Nyinyi. Diski ya gramu 175 usoni mwa mtoto haina mjadala. Subirini wapite, na kwenye kona msiyoona mbele mtumeni mmoja atangulie aangalie.

*Mwanangu alirudi na vipele vinavyowasha mikono yote. Ni mbu?*

Mama, huenda ni poizoni aivi, ule mtambaazi wenye majani matatumatatu. Mafuta yake hushika hata kwenye diski na kamba za viatu, kwa hiyo osha vyote kwa sabuni, la sivyo atawashwa tena. Vipele vikifika usoni au vikivimba, mpeleke kwa daktari. Mmea huo usiuchome moto kamwe. Moshi wake unaumiza mapafu. Mkague pia kama ana kupe: nyuma ya magoti, kwapani, kwenye nywele. Safari nyingine avae suruali ndefu, aitie ndani ya soksi.

*Nilitafuta diski yangu nusu saa, wa nyuma wakanifokea. Walinikosea adabu?*

Wewe ndiye uliyewakosea. Muda wa kutafuta ni dakika 3, kisha unaongezewa mtupo mmoja wa adhabu na kurudi uliporushia. Siku ambayo si ya mashindano, wapishe kwanza ndipo utafute utakavyo. Andika namba ya simu chini ya diski. Na aliyeuliza kama diski ya kuokota yenye namba ni halali yake: piga simu, ndugu.

*Bia zinaruhusiwa?*

Soma kanuni za bustani yenyewe. Makopo rudini nayo.