Chewa Mwekundu wa Barabara ya Pangani

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Je, mtu anaweza kuishi kwa kile anachokipenda?" Nililisoma Jumatatu nikaliacha, nikalirudia Jumatano usiku, na sasa naona sitalala nisipolijibu, ingawa nakiri mapema kwamba ninalolijibu si hilo hasa. Kama unaweza kuishi kwa unachokipenda au huwezi, kodi, unga na ada ya shule vitakujulisha ndani ya miezi miwili, wala huhitaji jarida. Linalonikera mimi ni jingine: kitu unachokipenda kikishaanza kulipiwa, ni nani mwenye kauli juu yake?

Mimi ni karani wa ghala hapa Tanga, huu mwaka wa 14, na nina mapenzi mawili yasiyo na mshahara. La kwanza ni kuchora, nililolipata utotoni Ngamiani kwa kumshikia makopo fundi aliyekuwa akiandika mabango ya maduka barabara ya 12, zama ambazo bango lilikuwa kazi ya brashi na mkono usiotetemeka, kabla mashine za kuchapa mabango ya plastiki hazijawageuza mafundi wale kuwa wapaka rangi nyumba. La pili ni kuzamia kwa pumzi moja, bila mtungi, nililofundishwa na rafiki yangu wa Sahare, ambaye kwake yeye si mapenzi bali ni kazi: pweza, kamba kochi, na chochote kinachojificha kwenye tundu la mwamba. (Nilipomwambia mama kwamba nimeanza kuzamia, alilia, kwa kuwa katika mji wa bandari kama huu mzamiaji ni kijana anayejificha kwenye meli ili aende Ulaya. Ilinichukua jioni nzima kumweleza kwamba mimi naenda chini tu, kisha narudi.)

Najua wasomaji wengine watawaandikia kwamba hili ni suala la kupanga muda. Kupanga na nani? Ofisi huhesabu wiki, bahari huhesabu mwezi wa angani. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji ya hapa hupanda na kushuka takriban mita 3, mkondo unakokota mchanga, na ukiwa chini huoni hata mkono wako. Wa kuzamia kwa raha husubiri maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu: mwezi 8 hadi 10 hivi, yaani siku tangu mwezi kuandama, na tena mwezi 23 hadi 25. Toa masika yote, ambapo Mkulumuzi na Sigi humwaga tope lao ghubani, toa na miezi ya kusi kali, kisha tafuta siku zilizobaki ambazo zimeangukia Jumamosi mchana au Jumapili. Mwajiri wangu hajapata kuniuliza hata siku moja leo ni mwezi mngapi.

Kwa hiyo msimamo wangu, na naomba uandikwe kwa wino mzito, ni kwamba penzi lisiuzwe. Uwe na mshahara, uwe na penzi, na baina yao kuwe na ukuta. Hata Edward Saidi Tingatinga, aliyepitia mashamba ya mkonge ya mkoa huu huu kabla ya kufika Dar es Salaam, alikuwa mwajiriwa wa hospitali ya Muhimbili katika miaka ile alipokuwa akichora wanyama wake kwenye hadibodi kwa rangi za mafuta.

Nitaeleza kilichonifikisha hapa. Miaka kadhaa iliyopita mwenye nyumba moja ya wageni, Barabara ya Pangani, alinitaka nimchoree bahari kwenye ukuta wa chumba cha kulia: miamba, majani na samaki, ukuta mzima. Tulikubaliana shilingi 350,000, akanipa 100,000 za kununulia rangi. Kwangu ilikuwa kama kuota. Miaka yote nilikuwa nachora minazi na mashua kwa ajili ya ndugu na majirani, na huku nikizamia pembeni, na hakuna aliyewahi kuniomba niviweke pamoja.

Nikataka nichore kweli. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimefanya jaribio: nilichukua kipande cha hadibodi, nikakipaka mistari sita, nyekundu, machungwa, njano, kijani, buluu na nyeupe, nikakifunga jiwe na kamba, tukakishusha kutoka ngalawani na mimi nikakifuata. Kufika mita 5 nyekundu ilishaanza kuchoka. Kwenye mita 12 ilikuwa kama damu iliyokauka juu ya shati, kahawia inayokaribia weusi. Machungwa ilikuwa inaifuata, njano ikijikaza, na buluu ilikuwa vilevile kama nilivyoifungua kopo. Sababu yake inajulikana, kwamba maji hunyonya mwanga mwekundu kwanza na wa buluu mwisho, lakini kuisoma ni kitu kimoja, na kuning'inia pale chini umebana pumzi, ukiutazama mstari ulioupaka mwenyewe ukiwa haupo, ni kitu kingine. Nilikaa pale nikautazama mpaka kifua kikaanza kuruka. (Si ushujaa, mita 15 ndio mwisho wangu. Mfaransa Jacques Mayol alifika mita 100 mwaka 1976, tena akiwa na miaka 49, nami simfuati.)

Basi kwenye ukuta ule nilichora mita 12. Katikati nikamweka chewa, yule mwekundu wa vidoa vya buluu ambaye kila mvuvi wa huku anamjua, nikampaka kahawia iliyozama, na vidoa vyake tu ndivyo nikaviacha viwake. Nilifanya kazi hiyo Jumamosi na Jumapili tatu, na siku nyingine usiku kwa taa, na nasema bila haya kwamba sijapata kuchora kitu kizuri zaidi ya kile.

Mwenye nyumba alikuja, akasimama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Fundi, mbona umenichorea samaki walioungua?"

Nikamweleza habari ya mwanga. Nilimletea hata kile kipande cha hadibodi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema: "Nimekuelewa, fundi wangu. Lakini mteja wangu mimi hazamii. Anakula. Akimwona huyu atadhani ndivyo jikoni wanavyokaanga."

Nilitaka kuondoka na brashi zangu. Lakini ilikuwa Januari, na mwenye mtoto shuleni anajua Januari ni nini. Mke wangu alikuwa ameshazipangia zile 250,000 zilizobaki, kiatu kwa kiatu na daftari kwa daftari. Nikarudi Jumapili iliyofuata na kopo la nyekundu, ile ya kupakia baiskeli, wala sikuichanganya na kitu. Nilimpaka chewa yule kwa hasira, nikampaka na wenzake, na matumbawe nikayatia waridi ambayo Mwenyezi Mungu hakuyaweka kina kile. Mwenye nyumba alifurahi mno. Alinilipa zote siku hiyohiyo na kuniongezea 20,000 ya soda. Nilifika nyumbani nikampa mke wangu pesa, nikalala bila kula.

Mpaka hapo hadithi hii inanipa haki, na kwa miaka niliisimulia ikiishia hapo. Lakini wiki mbili baadaye rafiki yangu wa Sahare alipeleka pweza kwenye nyumba ileile, akauona ukuta. Nilimngoja acheke. Huyu ndiye aliyenifundisha kubana pua na kusukuma hewa ili kufungua masikio, amekula kwa mapafu yake tangu akiwa na miaka 15. Kama kuna anayejua chewa anafananaje chini, ni yeye.

"Huyu ndiye," aliniambia. "Huyu ndiye yule wa ngalawani."

Nikamkumbusha kwamba chini hayuko hivyo. Akasema chini hana nafasi ya kumtazama rangi, anatazama tundu na mlango wa kutokea. Yeye chewa anamjua akishampandisha, akimweka kwenye mbao za ngalawa na jua likampiga, akawa mwekundu ghafla kama taa, na hapo ndipo anapojua kwamba leo nyumbani patapikwa.

Sikuwa na jibu, na tangu hapo sijalipata. Msimamo niliouandika huko juu kwa wino mzito siufuti, ila naomba wino upunguzwe. Sasa nadhani picha inaweza kuuzwa, hata kwa rangi ya mteja, kwa masharti: uwe na mshahara mwingine wa kukuwezesha kukataa mara mojamoja, na utunze mahali fulani ile uliyoichora kwa macho yako. Kipande changu cha hadibodi kipo bado, kimetundikwa juu ya mlango wa jiko.

Kuzamia ni habari nyingine. Picha ikiuzwa vibaya inakufa rangi; pumzi ikiuzwa vibaya anakufa mtu. Kwa kawaida mzamiaji hapotelewi na fahamu akiwa chini kabisa. Mara nyingi ni mita chache za mwisho wakati wa kupanda, kwa kuwa mgandamizo wa maji unapungua na ile oksijeni kidogo iliyobaki inakosa nguvu, kichwa kinazima uso wa maji ukiwa unaonekana. Ndiyo maana tunakwenda wawili, mmoja chini, mmoja juu akitazama, na aliyepanda hupumzika angalau mara mbili ya muda aliokaa chini. Ndiyo maana pia hatuhemi harakaharaka kabla ya kuzama: kuhema hivyo hakukuongezei oksijeni ya maana, kunaondoa tu hewa ukaa inayouambia mwili kwamba umefika mwisho. Rafiki yangu anazijua kanuni hizi kuliko mimi, na nimemwona akizivunja zote kwa ajili ya pweza mmoja zaidi, siku ambayo bei ilikuwa nzuri.

Kwa hiyo chora, uza, na uzamie bure. Hilo ndilo jibu langu kwa vijana. Naliandika nikijua kwamba mwaka huu nimeshapokea shilingi 15,000 mara tatu kwa kuwanasulia wavuvi nanga zilizokwama mwambani, na moja ya nanga hizo ilikuwa chini zaidi ya mita 15.

Jina langu naomba msilichapishe. Mkuu wangu wa kazi husoma jarida lenu, na Alhamisi hii ni mwezi 9, na mimi nimeshaomba ruhusa ya nusu siku kwenda kung'oa jino.