Bustani ya Kipwani Njombe: Acha Minazi Ibaki Kwao

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Mafinga. Amerudi nyumbani baada ya kuishi sana Dar, amejenga, na sasa anataka uwanja wake ufanane na zile hoteli za Bagamoyo: minazi getini, migomba dirishani, majani mapana kila kona. Miche ya minazi imeshafika kwa basi, imepangwa barazani. Anauliza: "Dada, niipande lini?"

Mdogo wangu, usiipande. Kama una ndugu Kyela, mpelekee yeye. Kule karibu na Ziwa Nyasa, kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, mnazi una bahati yake. Mafinga na Njombe tuko juu zaidi ya mita 1,800, na mnazi unataka joto la wastani wa nyuzi 27 hivi mwaka mzima. Sisi Juni na Julai kuna alfajiri unaamka nyasi ni nyeupe.

Nasema hivyo kwa sababu minazi hiyo nimeshaizika mimi. Niliuziwa na mwenye kitalu mmoja huko Dar aliyeniapia kwa jina la mama yake kwamba mnazi ni mti mgumu, haujali. Msimu wa mvua iling'aa kweli. Kipupwe kilipoingia makuti yakageuka rangi ya kahawia, na siku moja nikalivuta lile kuti changa la katikati, likatoka lote mkononi, limeoza. Mnazi una moyo mmoja tu wa kukulia. Ukifa huo, hakuna chipukizi wala maombi.

Sasa nikueleze nilikotokea, ili usidhani nakukatisha tamaa. Mimi ni mtoto wa Pangani. Sikujua kwamba mtu anaweza kuumwa na hamu ya majani mpaka nilipoolewa nikaletwa Njombe, nimevaa masweta mawili na kitenge juu, natazama nje naona mipaina na mashamba ya viazi. Uzuri wa Njombe nilikuja kuuona baadaye. Wakati ule nilitaka kwetu tu. Mume wangu akanipa kipande cha nyuma ya nyumba, akasema fanya utakavyo. Hapo ndipo maneno yalipoanza, maana Njombe ya sasa kipande cha ardhi kilicho wazi kina jina lake tayari, nalo ni parachichi. Wifi yangu mkubwa alisema mbele ya wageni, kwenye ubatizo wa mtoto wa ukoo, kwamba mke wa kaka yake ametoka pwani kuja kulima kivuli. Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikarudi jikoni kumenya viazi. Bado nayasikia maneno yale kila nikishika jembe, na sitaficha: nusu ya bustani yangu imeoteshwa na hasira.

Aliyeniokoa ni mama mkwe. Hakusema kitu siku ile, lakini kesho yake alinichukua tukazunguka kiwanja, akanionyesha kule chini karibu na mfereji ambako tangu zamani hawapandi maharage mapema. Akasema baridi inashuka kutoka juu na kulala pale. Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Baadaye nikasoma nikakuta ndivyo ilivyo: usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi inapoteza joto lake, hewa inayoigusa inapoa, na hewa ya baridi ni nzito, inateremka mlimani kama maji. Ikikutana na ukuta au ua wa michongoma uliofungwa, inajaa hapo. Kwa hiyo kabla ya kununua hata mche mmoja, amka alfajiri za Juni utembee kiwanjani kwako uone sakitu, yaani ule umande ulioganda, imeanguka wapi na wapi haikugusa. Kwangu tofauti ni hatua chache tu, juu ya tuta na chini yake.

Nyuma ya nyumba yangu kuna ukuta wa matofali ya kuchoma, na hapo ndipo ilipo pwani yangu. Ukisoma vitabu vya bustani vya Ulaya utaambiwa ukuta mzuri ni unaotazama kusini. Usivifuate. Sisi tuko kusini ya ikweta, nyuzi 9 hivi, na wakati wa kipupwe jua letu linapita upande wa kaskazini. Ukuta unaotazama kaskazini unakula jua mchana kutwa na kulitema usiku.

Haya, mimea. Nilichokuja kukigundua ni kwamba kinachofanya pwani ionekane pwani ni majani: makubwa, yanayong'aa, yaliyopandana. Na majani ya namna hiyo huku milimani yapo, ila tumeyazoea hata hatuyaoni.

Malkia wa bustani yangu ni mgomba mwitu, ule wenye majani mapana yaliyosimama na mshipa mwekundu katikati. Ni mmea wa milima ya Afrika Mashariki tangu asili. Kule Ethiopia wanaulima na kula shina na kitako chake, maana tunda limejaa mbegu nyeusi ngumu. Baridi unaifahamu. Sakitu kali itaunguza majani, lakini shina nene linabaki na Oktoba unafungua jani jipya. Kasoro yake ni kwamba kwa kawaida hautoi watoto kama mgomba wa ndizi, na ukishachanua unakufa, kwa hiyo uwe na miche mingine inakua nyuma yake. Migomba ya Tukuyu nayo ninayo, ukutani tu. Inaunguzwa karibu kila mwaka na kuchipua tena toka chini. Mkungu wa maana sijaupata, na sikuipanda kwa ajili ya mkungu.

Badala ya mnazi, mkindu. Ndiyo, huu huu wa kusuka mikeka. Unaota pwani na unaota milimani, una makuti, una mikono mingi, na mgeni akiuona jioni ataapa yuko Tanga. Kila nikiona mtu anaagiza mitende ya mapambo kwa bei ya mbuzi wakati mikindu iko mtoni, nashindwa kunyamaza.

Halafu magimbi. Wifi alicheka sana hapa: magimbi kama maua! Lakini hebu lipe gimbi samadi na maji, jani lake linafunika mtoto. Nina magogwe pia, yana majani mapana na matunda ya kutengenezea juisi, na mbarika zile zenye majani mekundu. Mbarika nimezipanda nyuma kabisa ya ua kwa sababu mbegu zake ni sumu kali. Kama una watoto wadogo ziache. Maua ya kana na dalia yanajaza mbele.

Angalia Kitulo. Ile ni nyanda ya mita 2,600 hivi, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na watu wanaiita Bustani ya Mungu. Kiangazi ukifika unaona majani makavu tu. Desemba mvua ikikolea, okidi na maua mengine yanafumuka ardhini. Mengi yalikuwa chini, kwenye viazi na mizizi yao, yamelala. Gimbi, kana na dalia zina tabia hiyo hiyo, ndiyo maana nakusihi uzipende. Julai majani yatakufa. Wewe rundika majani makavu ya mipaina juu ya vitako vyake, uache.

Wenzetu wa nchi za baridi wanafanya makubwa zaidi. Uingereza, kwenye bustani ya Great Dixter, mwenyewe Christopher Lloyd, mwandishi wa vitabu vya bustani, aling'oa waridi katika miaka ya 1990, akajaza migomba, kana na dalia. Huko majira ya baridi mgomba unavishwa majani makavu shina zima kwa miezi, na kana wengi wanazing'oa na kuzihifadhi ndani. Nilijaribu kuuvisha wangu hivyo hivyo ukaanza kuoza, kwa sababu Julai yetu mchana jua ni kali. Huku funika jioni, funua asubuhi. Tumia shuka kuukuu au viroba vya katani juu ya miti ya kusimika, visigusane sana na majani. Nailoni haifai, inapitisha baridi palepale inapogusa.

Jambo jingine ambalo vitabu vyao havikuambii: kipupwe chetu ni kikavu. Mvua zinaisha Aprili au Mei na hazirudi mpaka Novemba. Mmea unapigwa na baridi huku una kiu. Mwagilia mchana kabla ya usiku usio na mawingu, udongo wenye maji unashika joto kuliko mkavu. Na mbolea ya kukuzia, urea au CAN, simamisha Machi, usije ukaingia Juni na majani laini. Panda Desemba, mizizi ishike. Majani yakiungua usiyakate kwa aibu ya majirani! Yaache yakinge moyo wa mmea mpaka Septemba.

Watu wetu tuna ugonjwa wa kudhani uwanja ni wa kufagiwa tu, na kila jani lisilolika ni uvivu. Hapana. Ardhi ya kuuza parachichi ipo na mimi ninayo, sikatai hela. Lakini mtu akikosa hata hatua kumi za kupumzisha macho, hizo hela anakwenda kuzila wapi? Mabinti wakifanya send-off mtaani kwetu sasa wanakuja kupigia picha kwangu, chini ya mgomba mwitu. Mmoja wao alikuwa mtoto wa wifi. Mama yake alisimama getini mpaka picha zikaisha, hakuingia, na soda niliyompelekea alikunywa.

Kwa hiyo dada wa Mafinga, anza na ukuta unaotazama kaskazini na mikindu miwili. Mbegu za mgomba mwitu nitakupa bure, ila ziloweke kwanza na usizikatie tamaa, zinachelewa kuota na haziibuki pamoja. Picha mlizoniomba nitaziweka Desemba. Julai huwa sipigi.