Kutoka Mwanza hadi Mtwara kwa ndege: umbali ni mmoja, muda ni mwingine

SWALI: Nasafiri kutoka Mwanza kwenda Mtwara. Kikokotoo cha mtandaoni kinanipa kilomita 1,188 na muda wa saa moja na nusu, lakini tiketi yangu, inayopitia Dar es Salaam, inaonyesha karibu saa sita. Je, ni huko kuzunguka Dar es Salaam kunakokula muda wote huo?

JIBU: Ndugu msomaji, kuzunguka huko kunalaumiwa bure. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 850 angani, na kutoka hapo hadi Mtwara ni kama 400, jumla 1,250. Ziada yake juu ya mstari ulionyooka ni kilomita sitini na ushei, ambazo hata ndege ya mapangaboi huzimaliza kwa dakika zisizozidi sita.

Kikokotoo chako kuhusu umbali kiko sahihi, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta unaweza kukihakiki kwa kalamu. Viwanja hivyo viwili vinapishana nyuzi 7 na dakika 54 za latitudo, yaani maili 474 za baharini, kwa kuwa kila dakika ya latitudo ni maili moja ya kilomita 1.852. Kwa longitudo vinapishana takribani maili 432, baada ya kupunguza kidogo kwa sababu mistari hiyo hukaribiana kadiri unavyoiacha ikweta. Tumia kanuni ya Pythagoras, na utapata maili 641, ambazo ndizo kilomita zako 1,188.

Muda ndio unaopotosha, kwa sababu vikokotoo vingi hugawanya umbali kwa kilomita 800 kwa saa, kana kwamba ndege huanza safari ikiwa tayari juu na kwa mwendo wake kamili. Dash 8 Q400, ndege ya mapangaboi, hukata mawimbi ya anga kwa takribani noti 360 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), yaani kilomita 667 kwa saa, kwa hiyo maili hizo 641 zingeihitaji saa moja na dakika 47. Ongeza dakika ishirini hivi za ndege kutembea ardhini, kupaa na kujipanga kutua, nawe umevuka saa mbili. Upepo nao una sauti yake: tukichukua noti 30 za upepo wa mbele, safari inaongezeka dakika kumi, na wakati wa kurudi upepo huohuo unapunguza dakika nane.

Sasa rudi kwenye tiketi. Mwanza hadi Dar es Salaam kwa ndege ya jeti kama Airbus A220 ni takribani saa moja na dakika ishirini, na Dar es Salaam hadi Mtwara kwa Q400 ni kama saa moja. Angani na kwenye njia za kurukia unatumia saa mbili na dakika ishirini. Zaidi ya saa tatu na nusu zilizobaki ni za kukaa kiwanjani ukisubiri ndege ya pili.

Ukitaka kuokoa muda, basi, linganisha ratiba, si ramani. Tahadhari moja tu: ukinunua tiketi mbili zisizounganishwa ili kufupisha kusubiri, utalazimika kuchukua mizigo yako Dar es Salaam na kuikabidhi upya, na ndege ya kwanza ikichelewa, gharama ya kuikosa ya pili kwa kawaida itakuwa yako. Kwa tiketi ya namna hiyo, mimi nisingekubali pengo lililo chini ya saa tatu.