Kamera isubiri, waanze na sauti

Swali lenu la wiki hii, "Je, wanafunzi wa sekondari wafundishwe kutengeneza filamu na video, au hayo ni mambo ya kusubiri chuo?", nimelisoma nikiwa katikati ya kuhariri video ya sendofu. Nikaiacha kazi ya watu ili niwajibu. Wafundishwe, tena mapema. Ila waanzishwe na sauti, kamera isubiri.

Mimi ni mpiga video wa harusi hapa Moshi. Kazi hii niliipata kwa kubeba waya za taa za bosi wangu miaka miwili mizima kabla hajanikabidhi kamera, na muda wote huo sikuelezwa sababu ya jambo lolote tulilolifanya. Ndiyo maana tangu mwaka jana, kila Jumamosi, nakaa na wanafunzi 11 wa sekondari moja ya hapa mjini, wa kidato cha tatu na cha tano. Shuleni kwao simu haziruhusiwi kwa wanafunzi. Tunatumia yangu, ya mwalimu wao wa Kiswahili, na stendi moja ya kamera ambayo mguu wake tumeufunga kwa mpira.

Kazi ya kwanza waliichagua wenyewe: mfereji. Kwa msomaji asiyeijua Kilimanjaro, Wachagga walichimba mifereji tangu enzi za mababu kushusha maji ya mito ya mlimani hadi vihambani, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, na maji hayo huenda kwa zamu. Babu wa mwanafunzi mmoja, huko Kibosho, ni msimamizi wa zamu hizo. Walipanda daladala alfajiri, maana kwetu ukichelewa mlima unajifunika mawingu, na ikifika saa sita jua liko utosini, macho ya unayempiga picha yanageuka mashimo meusi. Hayo niliwaeleza na waliyashika. Wakamweka babu ukingoni mwa mfereji, maji yanapita mgongoni kwake, migomba huku na huku. Picha ilikuwa nzuri kweli. Wakamrekodi dakika 40.

Tulipofungua darasani, tulisikia maji tu.

Msichana aliyekuwa akimhoji alikuwa amesikia kila neno, na alibishana nami kwamba simu ni mbovu. Simu ilikuwa nzima. Sikio la mtu huchagua: ukizungumza na mwenzako kando ya maji, akili yako inayasukuma maji pembeni bila wewe kujua. Maiki haichagui. Na maji yalikuwa karibu na simu kuliko mdomo wa babu. Hili ningeweza kulisema mara mia ubaoni. Siku ile lilisemwa na mfereji wenyewe.

Wakarudi wiki iliyofuata. "Shikamoo babu." "Marahaba wajukuu. Yale ya juzi mmeyapoteza?" Wakakiri. Akawakalisha barazani. Safari hii simu ya mwalimu iliingia mfuko wa shati la babu ikirekodi sauti peke yake, yangu ikachukua picha, na kabla ya mazungumzo mwanafunzi mmoja akapiga kofi mbele ya kamera ili wakati wa kuhariri mlio wa kofi uoanishwe na viganja vinapokutana. Baadaye wakashuka mferejini kurekodi maji peke yake, dakika nzima, hakuna kunong'ona. Maji hayo wakayalaza chini ya sauti ya babu, kidogo tu.

Sasa kukata. Mara hii babu alimtaja kwa jina jirani anayefungua maji usiku wakati si zamu yake. Wanafunzi walibishana karibu saa nzima. Kuna waliosema ni kweli, ibaki. Wengine wakauliza jirani atajibia wapi, maana yeye hatukumhoji. Mimi na mwalimu tulinyamaza makusudi. Wakaamua jina litoke. Wakalikata, na wa kidato cha tatu ndiye aliyegundua kwamba pumzi ya babu imeruka: picha ya mikono yake waliyoiweka juu ya mkato ilificha mruko machoni, lakini masikioni ulibaki. Ikabidi watafute mahali alipovuta pumzi, wakate hapo. Sijui somo gani jingine lingemfanya mtoto wa miaka 16 asikilize pumzi ya mzee kwa makini hivyo.

Fizikia nayo ilijileta yenyewe. Tulipopiga picha darasani chini ya taa za tyubu, mistari ikawa inapanda na kushuka kwenye video. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa hizo hufifia mara 100 kila sekunde, na simu ilikuwa ikipiga fremu, yaani picha moja moja za video, 30 kwa sekunde. Mvulana wa kidato cha tano akapiga hesabu, akaweka fremu 25 na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, sekunde 1/50, ili kila fremu ipate mififio miwili kamili. Mistari ikatoweka.

Wanaosema wasubiri chuo, chuo cha sanaa kipo, TaSUBa kule Bagamoyo, na nitafurahi wakienda. Lakini wangapi kati ya hawa 11 watafika? Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, sekondari. Nawaomba sana wanaopanga vifaa wasikimbilie kamera kubwa. Wanunue maiki za kubana kwenye kola, na walimu wapewe vipindi viwili vinavyofuatana, kwa sababu dakika 40 za kipindi kimoja huisha betri bado zinatafutwa.

Filamu yao ina dakika saba. Babu aliitazama kwenye kompyuta yangu, akaomba kipande cha maji kirudiwe. Kisha akawaambia mfereji utazibuliwa kabla ya masika, wenye zamu wote watakuwepo na majembe yao, na huyo jirani pia. Wanafunzi wanataka kumhoji. Tunatafuta maiki ya pili ya kuazima.