Mjomba, usiku kuna mtoto analia juu ya mwembe

Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba, wa rika langu poleni na mvua. Meseji zilizoingia tangu masika yaanze karibu zote ni za wanyama, na zile chache za maji na taka ukizisoma vizuri unakuta nazo ni za wanyama vilevile. Nimetoa sita, zote za hapahapa Dar, na ya tumbili nimeitanguliza maana hiyo haisubiri.

*Shikamoo Mjomba. Mi nasoma hapa Mlimani, juzi nimekaa chini ya mti nakula chapati tumbili akaja akaidaka, katika kuvutana akanikwaruza na jino likanitoboa kidogo kidoleni. Damu ilitoka kidogo tu nikafuta na tishu. Wenzangu wanasema kichaa ni cha mbwa tu, tumbili hana shida. Ni kweli? – Mwanafunzi, Mlimani*

Marahaba mwanangu. Kama unasoma hapa na bado hujaenda hospitali, weka jarida chini uende kwanza, utamalizia ukirudi. Kichaa cha mbwa tumekipa jina la mbwa kwa sababu wengi wanaokipata huwa wameng'atwa na mbwa, ila mnyama yeyote anayenyonyesha anaweza kuwa nacho, paka, mbweha, nguchiro, na tumbili pia hata kama ni mara chache. Ugonjwa huu dalili zikishaanza hakuna dawa, karibu kila mtu anakufa, lakini chanjo ukiiwahi inazuia kabisa, sasa kwa nini ubahatishe. Na wengine mnaosoma mjue, ukishang'atwa au kukwaruzwa kitu cha kwanza kabisa ni sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, usikadirie, angalia saa, afu ndo unaenda kuonwa na daktari siku hiyohiyo. Usipake pilipili wala mafuta ya taa wala unga wa betri. We umechelewa lakini nenda tu, na uwaambie wakuangalie na pepopunda. Na mnaowapa tumbili biskuti ili mpate picha nawaomba muache jamani, tumbili aliyezoea kulishwa mkononi ndo huyohuyo anayekuja kumnyang'anya mwenzenu chapati.

*Mjomba shikamoo. Huku kwetu Kimara kuna kitu kinalia usiku juu ya mwembe sauti kama ya mtoto mchanga kabisa, saa nne, saa saba, saa tisa. Mume wangu alimulika tochi tukaona macho mawili makubwa yanawaka kama makaa afu yakaruka. Jirani anasema ni mtoto aliyetupwa roho yake inahangaika, mwenye nyumba yeye anataka kuukata mwembe. Nina katoto ka miezi mitano naogopa hata kutoka nje. – Mama Kichanga, Kimara*

Marahaba binti yangu, pole sana, na lala usingizi maana huyo ni komba. Nakwambia bila kusita kwa sababu ulivyoandika, sauti ya mtoto, macho yanayowaka kwenye tochi, kuruka, hivyo vitatu vikikaa pamoja hakuna mwingine. Ni jamaa wa mbali wa tumbili ila yeye ni wa usiku, mchana analala amejikunja kwenye tundu la mti au kwenye majani yaliyosongana, jua likizama anaamka kutafuta matunda, wadudu na utomvu wa miti. Macho yake yana kama kioo kwa nyuma kinachorudisha mwanga ili aone gizani, ndo hilo kaa la moto mliloliona. Anavyolia anawaambia komba wenzake kwamba hapa pangu, basi. Wazee wa pwani wanamjua vizuri sana, ndo maana mtu akizidisha pombe wanasema amelewa kama komba, kwa sababu anapanda mnazi usiku anakunywa tembo la mgema hadi asubuhi anakutwa hajiwezi.

Sasa huo mwembe. Mwambie mwenye nyumba, kwa heshima, kwamba akiukata komba hatahama Dar es Salaam, atatafuta pa kulala na pa karibu zaidi ni dari lenu. Kata tu matawi yanayogusa paa na yale yanayokaribia nyaya za umeme (nyaya ziachie mafundi wa umeme, usipande mwenyewe), ziba matundu ya pembeni ya silingibodi kwa wavu, ila fanya hivyo usiku akiwa ametoka, usije ukamfungia ndani akafia humo. Maembe yaliyodondoka okota jioni. Mtoto wako hana hatari yoyote kutoka kwake, komba anamkimbia mtu.

Niseme na hili kwa sababu linaniuma. Kilomita chache tu kutoka hapo kwenu, kwenye msitu wa Pande, na kule Pugu na Kazimzumbwi, kuna komba wadogo kabisa wanaitwa komba wa Rondo, mmoja ana uzito wa kama gramu 60, unamweka kwenye kiganja anapotea, mkia wake una manyoya kama brashi ya kuoshea chupa. Duniani kote anapatikana Tanzania tu, tena kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani, na misitu hiyo inakatwa mkaa kila siku. Wa mwembeni kwenu siye huyo, kwa sauti hiyo ni komba mkubwa, lakini watu wa Kimara na Mbezi mjue mnaishi jirani na kitu cha namna gani. Na yule aliyeniuliza mwezi uliopita kama anaweza kumfuga, hapana. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori namba 5 ya mwaka 2009 inataka kibali, na komba wa kwenye boksi anang'ata, tena anajikojolea viganja na nyayo makusudi ndipo atembee, hiyo ni tabia yake ya asili huwezi kumfundisha kuacha.

*Mjomba mi ni mama lishe Sinza, kunguru wananimaliza. Wameniibia samaki, wamebeba vifaranga vinne wa jirani, na viroba vya taka wanavichana vyote barabarani kwa sababu gari la taka wiki ya tatu sasa halijaja na hela tunatoa. Kuna kijana ananiuzia dawa ya kuwawekea kwenye nyama. Niweke?*

Usiweke dada yangu, tafadhali sana. Hiyo sumu ya kijana wa mtaani hujui ni nini, atakula paka wa jirani, atakula mbwa, ataokota mtoto, na kunguru atakufa juu ya tenki la maji la mtu. Zanzibar waliwahi kuwapunguza kwa mitego na sumu maalumu, na Kenya mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuondoa kunguru milioni moja pwani, ila ile ni dawa inayosimamiwa na wataalamu, siyo ya kununua kwenye kichupa kisicho na jina.

Hawa wenye shingo ya kijivu siyo wa kwetu, asili yao ni India na nchi za jirani yake, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 enzi za Waingereza ili wasaidie kula taka za mji, na kutoka hapo wakasambaa pwani nzima. Wa kwetu ni yule mwenye kifua cheupe, siku hizi mjini unamwona kwa nadra, na ndege wadogo nao wamepungua kwa sababu hawa wageni wanapekua viota wanakula mayai na makinda. Kwa hiyo hasira yako naielewa, hata mi nilipokuwa mdogo uwanja wetu ulikuwa na chozi na tetere wengi kuliko sasa. Lakini kumbuka waliletwa kwa ajili ya taka, na taka ndo zinawaweka mpaka leo. Mtaa wenye viroba nje wiki tatu ni mtaa unaowalisha kunguru milo mitatu kwa siku, ua mia leo kesho watakuja mia mbili kutoka mtaa wa pili.

Fanya hivi. Mabaki ya samaki na nyama usiyatie kwenye kiroba, nunua ndoo kuukuu yenye mfuniko unaobana, yakae humo hadi siku ya gari. Samaki wabichi wafunike kwa chujio kubwa au neti. Vifaranga wakae kwenye banda lenye wavu hata kwa juu mpaka wakue, kuku akiwa mkubwa kunguru hamwezi. Kuhusu gari, usiende peke yako kulalamika, kusanyeni risiti zenu za hizo wiki tatu, mama lishe wote na wenye nyumba, mzipeleke ofisi ya serikali ya mtaa kwa barua mkiomba mkandarasi aitwe kwenye kikao mbele yenu, na barua mgongewe muhuri mbaki na kopi. Kwetu tulifanya hivyo, ilichukua muda ila gari lilirudi.

*Kwema Mjomba? Ilala huku mbu wanatuuma mchana kweupe, ofisini, kwenye kochi, na neti tunayo. Maji yanatoka mara moja kwa wiki kwa hiyo madumu na mapipa yamejaa ndani. Hawa mbu wa mchana ni wa aina gani?*

Kwema kabisa. Angalia miguu yake, kama ina mistari myeupe ndo huyo anayeeneza dengi, ile homa iliyotusumbua sana hapa mjini mwaka 2014 na 2019. Wa malaria anauma usiku, huyu anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijazama, kwa hiyo neti yako haimgusi. Na hapendi maji machafu ya mtaroni, anataka maji masafi yaliyotulia, yaani hayohayo mliyoyahifadhi kwa shida. Funikeni mapipa yote, tena kwa kitambaa kilichofungwa na kamba chini ya mfuniko kama mfuniko haubani. Pipa likiisha usijaze tu, lisugue kwanza ndani kwa brashi, maana mayai yake yanagandia ukutani na yanakaa makavu miezi mingi yakisubiri maji. Matairi, makopo, sahani za chini ya maua, yote mara moja kwa wiki. Ukipata homa kali na maumivu nyuma ya macho nenda ukapime, usijinunulie diklofenaki wala aspirini, zinaweza kukuletea kutokwa damu, tumia panadoli mpaka ujue ni nini.

*Mjomba, kenge mkubwa kama mguu wangu ameingia bandani Tabata, amekula mayai yote. Nimuue? Watoto wanasema ana sumu.*

Usimuue, na sumu ya kukudhuru hana, ana meno, kucha na mkia anaochapa nao kama fimbo, kwa hiyo usimbane kwenye kona. Nyie mko karibu na bonde la Msimbazi, mvua zikijaza bonde kenge wanapanda juu kutafuta pakavu. Anakula konokono, vyura na panya, hata hao panya wa stoo yako. Mfungulie njia, ondoa mbwa, ataondoka mwenyewe. Banda liinue kwa matofali, wavu uwe wa chuma, mayai kusanya kila jioni. Akigoma kutoka piga zimamoto 114 au mwone afisa wanyamapori wa halmashauri.

*Shikamoo Mjomba. Hii naomba unijibu hata kama hutaiandika. Bundi amehamia kwenye dari la banda la uani, Temeke. Chini yake tunakuta vidonge vyeusi vina manyoya na mifupa midogomidogo, na fuvu dogo kabisa. Mama mkwe anasema tumetupiwa, amemwita mtu aje kusafisha anataka laki mbili. Baba mkwe anaumwa presha na wote wanasema bundi kaja kumchukua.*

Marahaba mwanangu, naiandika kwa sababu mko wengi. Vile vidonge ni vya bundi mwenyewe. Bundi anameza panya mzimamzima, tumbo lake haliwezi kusaga manyoya na mifupa, kwa hiyo anavikusanya kuwa kidonge anavitapika. Chukua kimoja, vaa glavu au mfuko wa nailoni mkononi, kiloweke kwenye maji halafu kifungue kwa njiti mbele ya mama mkwe. Mtaona taya zenye meno mawili marefu ya mbele, ya rangi ya chungwa. Ni fuvu la panya, anayelijua panya atalijua. Usimbishie mama, mwite taratibu mfungue pamoja, kaogopa kwa sababu anampenda mzee.

Ukimwona mwenyewe bundi, kama uso ni mweupe umbo la moyo, ndo wale wanaopenda kukaa kwenye majengo ya watu. Anaruka bila sauti kabisa kwa sababu manyoya ya bawa lake yana ncha laini, na anasikia panya akitembea gizani hata asipomwona. Kelele yake ni ya kukwaruza, inatisha kweli, sikulaumu. Kaja kwenu kwa sababu kuna panya, na akiwa na makinda anawinda usiku kucha.

Baba umri umeenda na ana presha, mpelekeni kliniki akapimwe, hiyo laki mbili ya mtu wa kusafisha ndo iwe ya dawa zake na nauli. Sumu ya panya msiweke kabisa hapo, panya mwenye sumu akiliwa na bundi anakufa naye. Kama ana makinda yatakuwa yameruka ndani ya kama miezi miwili tangu yaanguliwe, hapo ndo mtaziba tundu la dari kama bado hammtaki. Ukishakifungua kidonge na mama niandikie mlikuta mafuvu mangapi.